Posho ya Mama Imekatwa, na Karo ya Chuo Je?

 

Mapema mwaka 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada mingi ya nje, mashirika hapa kambini yalianza kupunguza watu. Waliotangulia kutolewa walikuwa sisi watu wa posho. Mama yangu alikuwa mkalimani kwenye zahanati kwa miaka sita. Ijumaa aliitwa ofisini, Jumatatu hana kazi. Posho ile ilikuwa ndogo, wote mnaijua, lakini ndiyo iliyomlipia mdogo wangu karo ya diploma huko Lodwar, kidogo kidogo, kila muhula.

Mama hakusema. Miezi miwili nzima alikuwa anaamka asubuhi, anavaa kitenge chake cha kazi, anatoka. Kumbe anakaa kwa shangazi akichambua mboga za kuuza. Mdogo wangu alijua siku ya mtihani, pale mlangoni, jina lake halimo kwenye orodha ya waliomaliza karo. Alinipigia simu akilia hata sikumwelewa. Siandiki haya kumuaibisha mama. Yeye mwenyewe kaniambia andika, maana anajua kwenye bloku yetu wako wengine wanaovaa kitenge cha kazi na kazi hawana.

Basi tuliomba kibali cha kusafiri, tukaenda Lodwar mimi na mama. Tulibeba barua ya kuachishwa kazi na risiti zote za zamani. Karani wa fedha alisoma, akauliza jambo moja tu: kwa nini hamkuja wiki ya kwanza? Deni likagawanywa mara tatu, na mtihani akaruhusiwa kuurudia. Si kila chuo kitakubali hivyo. Kikikataa, mwanafunzi aombe kwa barua kuahirisha masomo, na nakala aiweke. Anayeondoka kimya anaweza kuandikwa kuwa ameacha chuo, na kurudi kukawa kazi kubwa.

Pesa ya kwanza ilitoka kwenye likelemba ya kina mama. Wako kumi na wawili, na zamu ya mama ilikuwa ya tisa. Aliwaeleza ukweli, wakampa ya tatu. (Wababa mnaocheka likelemba, mimi nimeacha kucheka.) Mimi natoa sehemu ya posho yangu ya ualimu. Chakula hatukuuza, na nawaomba msiuze. Tangu mgao ulipoanza kutolewa kwa makundi Agosti 2025, aliyeuza unga wake hana wa kumkopa.

Sasa ufadhili. DAFI ilianza mwaka 1992 kwa pesa za serikali ya Ujerumani, nayo husimamiwa na UNHCR. Hulipa karo, na pia husaidia vitabu, chakula na nauli. Humtafuta mkimbizi aliyemaliza sekondari kwa alama nzuri, asiye na njia nyingine ya kulipa, na kwa kawaida asizidi miaka 28 anapoanza. WUSC ya Kanada, tangu 1978, huwapeleka vijana wakimbizi kusoma na kuishi huko. Nafasi ni chache sana kwa wote wanaoomba, kwa hiyo familia isikae ikingoja hiyo peke yake. Wako pia waliosoma hapa hapa Kakuma kupitia Jesuit Worldwide Learning, bila nauli wala kodi ya chumba.

Wenye Diplôme d'État ya Kongo, shughulikieni mapema kulinganishwa kwa cheti. Mkingoja fomu zitoke ndipo mwanze, mtachelewa.

Na fomu za ufadhili haziuzwi, jamani! Mwaka jana baba mmoja jirani yetu alimpa kijana fulani pesa ya mbuzi wawili ili "jina lipite". Jina halikupita, na kijana hashiki simu.

Mimi nilimaliza kidato cha nne, chuo sikufika. Labda ndiyo maana nalishikilia sana hili. Mdogo wangu amerudi darasani. Awamu ya pili tumelipa, ya tatu ni mwisho wa mwezi huu, na mama sasa anatoka asubuhi na beseni lake la sukuma wiki kichwani, mchana kweupe, anapita mbele ya zahanati ile ile.