Moto wa Pwani: Uchomaji wa Nyama na Samaki Tanga na Jirani Zake (Sehemu ya Pili)

Nyama choma inapozungumzwa nchini Tanzania, fikra za wengi huelekea moja kwa moja Arusha, Moshi na kwenye minada ya mifugo ya bara, na mwambao wa Tanga, Pangani na Mkinga huachiwa wali wa nazi, mchuzi na vitafunio, kana kwamba watu wa pwani hawakuwahi kuyatumia makaa isipokuwa kwa kuinjika sufuria juu yake. Mgawanyo huo si sahihi, na unawadhulumu mafundi wengi, wanawake kwa wanaume. Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza ndafu ya Wachaga, yaani mbuzi aliyehasiwa na kunoneshwa ambaye huchomwa mzima kwa ajili ya arusi, na pia kambi za msituni ambamo Wamasai hula nyama na kunywa supu iliyochemshwa pamoja na magome na mizizi ya dawa. Katika uchomaji wa namna hiyo kanuni ni chumvi na subira: kipande kikubwa huwekwa mbali kidogo na makaa, mafuta yake yenyewe yakaulainisha mnofu, na ladha ikatoka ndani ya nyama bila kuhitaji viungo vingi.

Pwani haikuwa na mnyama mnono wa kutosha kwa ajili ya kanuni hiyo. Vichaka vya Handeni, Muheza na Pangani vilikuwa makazi ya mbung'o, nzi anayefyonza damu na kueneza nagana, ugonjwa wa mifugo unaosababishwa na vimelea vya jamii moja na vile vya malale ya binadamu, na ng'ombe aliyeshushwa kutoka nyika za juu aliweza kukonda na kufa kabla hajazaa. Tatizo lilikuwa zito kiasi kwamba mji wa Tanga wenyewe ukawa makao ya taasisi ya utafiti wa mbung'o na malale, na ni katika taasisi hiyo walimozalishwa mbung'o madume ambao waligumbishwa kwa mionzi na kuachiwa kutoka angani juu ya kisiwa cha Unguja, wakajamiiana na majike ya huko bila kuzaa, mpaka mbung'o wa Unguja akatangazwa kuwa ametokomezwa mwaka 1997. Mwanahistoria wa mapishi hana budi kumtazama nzi huyu kwa makini, kwa sababu ameamua mengi kuhusu kile kilichofika jikoni: nyama ya ng'ombe iliyopatikana mwambaoni mara nyingi ilikuwa ya mnyama aliyetembezwa mbali, yenye mnofu mgumu na mafuta machache, na kuichoma kwa chumvi tupu kungeifanya isitafunike.

Hapo ndipo ulipo msingi wa mishikaki. Nyama hukatwa vipande vidogo, huchanganywa na tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, ndimu, pilipili, chumvi na papai bichi lililosagwa, kisha huachwa ilowane kabla ya kutungwa kwenye vijiti au vyuma vyembamba, na fundi mzuri hukumbuka kuchomeka kipande cha mafuta kati ya minofu ili kikiyeyuka kilowanishe jirani zake. Papai bichi lina kimeng'enya kiitwacho papaini, yaani kemikali ya asili inayokatakata protini za nyama, na tangawizi mbichi nayo ina kimeng'enya chake chenye kazi kama hiyo; ndimu husaidia kwa uchachu wake, ingawa haizami sana ndani ya mnofu. Kipimo cha muda ni suala la ustadi mtupu, kwa kuwa nyama iliyolala usiku kucha ndani ya papai jingi hulegea na kuwa kama imepondwa, haishiki kijiti wala haina utamu wa kutafuna, ilhali iliyotolewa mapema mno hubaki na ugumu wake. Kwa sababu vipande ni vidogo, moto wa mishikaki huwa mkali na wa muda mfupi, hupepewa bila kupumzika, na nyama hugeuzwa mara kwa mara ili viungo visiungue. Anayeila jioni pale Ngamiani, mtaa wa mjini Tanga, pamoja na muhogo au ndizi za kuchoma, chachandu ya pilipili na ukwaju, anakula matokeo ya mahesabu mengi yaliyofanywa tangu mchana.

Hata hivyo, anayetaka kuujua moto wa pwani katika ukamilifu wake na aanzie kwa samaki wa kupaka. Changu, tasi, kolekole au pande la nguru husafishwa, hutiwa mikato ubavuni, hupakwa chumvi, ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili mbichi, kisha hubanikwa juu ya makaa mpaka ngozi ikaze na nyama ikaribie kuiva. Wakati huohuo tui zito, yaani lile la mkamuo wa kwanza ambalo halijaongezwa maji mengi, huinjikwa kwenye moto mdogo pamoja na manjano, pilipili na ndimu au ukwaju, likakorogwa mfululizo hadi liwe rojo. Ndipo samaki hupakwa rojo hilo upande mmoja, akageuzwa, akapakwa upande wa pili, na kazi hiyo hurudiwa mara kadhaa mpaka tui lishikamane na ngozi na kuwa utando wa rangi ya dhahabu wenye mabaka meusi machache. Mpangilio huo una sababu. Tui lina mafuta pamoja na sukari kidogo. Likipakwa mwanzoni, sukari huungua na kuwa chungu kabla joto halijafika kwenye mfupa, na likichemshwa kwa moto mkali bila kukorogwa, mafuta hujitenga na maji na rojo huvunjika. Basi samaki huiva kwanza kwa moto, kisha huvishwa, na wapishi waliojifunza kazi hii kwa mama na bibi zao huutekeleza utaratibu huo kwa usahihi ambao vitabu vichache vya mapishi vimeufikia. Kuku wa kupaka hufuata njia hiyohiyo, naye hupendwa sana pia katika nyumba za Wahindi wa mwambao wote, kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam, ambao wameutia upishi huo mkono wao katika wingi na aina ya viungo.

Mnazi unaotoa tui hutoa pia moto. Vifuu, yaani magamba magumu yanayobaki baada ya nazi kukunwa, huwaka kwa joto kali na kuacha kaa safi, ilhali makumbi, yaani maganda ya nje yenye nyuzi, hutoa moshi mwingi na hutumika zaidi kuwashia au kufukizia. Kuni za mikoko nazo zina joto kubwa, lakini ukataji wake unadhibitiwa na serikali kwa kuwa mikoko ndiyo malezi ya samaki wachanga.

Si kila samaki hufika kwenye wavu wa kuchomea akiwa mbichi. Wavuvi wa Kojani, kisiwa kidogo cha upande wa mashariki wa Pemba, wana desturi ya kukaa dago, yaani kambi za muda za uvuvi, katika fukwe nyingi za mwambao zikiwamo za Tanga, na mahali ambapo hapana barafu samaki hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa akawa ng'onda. Papa mkavu alisafirishwa pia kwa majahazi yaliyoshuka na pepo za kaskazi kutoka pwani za Arabuni. Samaki wa namna hii hupitishwa kwanza juu ya makaa ili harufu yake itulie na nyama ilegee, kisha huloweshwa kupunguza chumvi na kupikwa kwa tui, naye huliwa vizuri kwa bada, yaani ugali wa unga wa muhogo unaothaminiwa sana na watu wa Tanga, hasa Wadigo. Kwa mizani ya makala haya, papa wa kuchomwa kwa bada ni urithi mkubwa kuliko mishikaki, ijapokuwa hauonekani katika matangazo ya hoteli.

Mipaka kati ya mioto hii miwili, wa bara na wa pwani, haikubaki ilivyokuwa. Ujenzi wa reli ulianza Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911, na katika mwaka huohuo wa 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliuingiza mkonge nchini, zao ambalo lilikuja kuwavuta maelfu ya vibarua, walioitwa manamba, kutoka sehemu za mbali za nchi na hata nje yake. Kila kundi lilikuja na namna yake ya kula. Mbuzi wa kuchomwa kwa chumvi akashuka na reli, na leo katika mji wa Tanga mtu anaweza kununua mbavu za mbuzi zilizochomwa kwa namna ya bara na mishikaki iliyolowekwa kwa namna ya pwani kwa mwendo wa dakika chache. Nyama ya nguruwe imebaki nje ya jiko la Kiswahili kwa sababu ya sheria ya Kiislamu, na wanaoila huipata mahali pake palipotengwa.

Marekani inatoa ulinganisho wenye manufaa, kwa kuwa huko tofauti za uchomaji kati ya jimbo na jimbo hujadiliwa kwa uzito na kuandikiwa vitabu. Mashariki ya Carolina Kaskazini nguruwe mzima huchomwa polepole na kutiwa siki yenye pilipili. Katikati ya Texas kidari cha ng'ombe hupakwa chumvi na pilipili manga na kufukizwa kwa kuni za mwaloni, desturi iliyokuzwa na wauza nyama wahamiaji wa Kijerumani na Kicheki. Na Kansas City hujulikana kwa mchuzi mzito na mtamu wa nyanya, mji ambao biashara yake ya nyama choma ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Henry Perry, Mmarekani mweusi. Kazi ya mashimo ya moto kusini mwa nchi hiyo ilifanywa kwa vizazi vingi na watumwa wenye asili ya Afrika, na majina mengi ya mafundi hao yalisahauliwa kwa sababu hakuna aliyeyaandika. Mwambao wa Tanga una haja ya kuandika mambo yake mapema, maana baadhi ya desturi zake sasa zinaelezwa na wengine. Mishikaki imekuwa chakula cha sikukuu na cha barabarani nchini Oman, ambako huitwa mishkak na mara nyingi huandamana na ukwaju, na Waomani wengi waliohama Unguja baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 waliendelea kuipika huko. Lakini Oman ina pia shuwa, nyama iliyofungwa kwa majani na kufukiwa katika shimo la makaa kwa siku moja au mbili wakati wa Idi, ambayo haikuota mizizi mwambaoni. Kwa hiyo madai kwamba uchomaji wote wa pwani uliletwa tayari kutoka Arabuni hayasimami: watu wa pwani walichagua, na walichokichagua walikiunga na nazi, muhogo na samaki wao.

Hatari kubwa kwa upishi huu haitoki jikoni. Kwa miaka mingi bahari ya Tanga iliumizwa na uvuvi wa mabomu, ambao huvunja matumbawe, yaani makazi ya changu na tasi, na huua wachanga na wakubwa kwa pamoja. Samaki aliyeuawa kwa bomu huvunjika mifupa, huvilia damu ndani na huharibika upesi. Akiwekwa juu ya makaa nyama yake huchanika na kudondoka kabla ya kupakwa tui, na wachomaji wenye uzoefu humtambua kwa kumbonyeza ubavu tu. Hifadhi ya bahari iliyoanzishwa Tanga mwaka 2009 kwa ajili ya silikanti, samaki wa kale anayeishi kwenye vina virefu, pamoja na misako dhidi ya baruti iliyofuata baadaye, imewapa wavuvi wa nyavu na mishipi nafasi ya kupumua, na matumbawe yaliyovunjwa yatahitaji miaka mingi kuota upya.