Ondoeni Masizi Kabla Mota Haijazimika Ziwani

Ndugu wafanyakazi, mama na watoto wa nyumbani: usalama hauishii kwenye mlango wa mgodi. Siku ya mapumziko wengi hutoka Goma kwa mtumbwi wa mota kwenda Minova, Kalehe au Idjwi. Mota ikizimika katikati ya Ziwa Kivu, mtumbwi hugeuza ubavu kwenye mawimbi, na maji huingia. Adui mmoja anayezima mota ni masizi.

Yanatoka wapi?

Mota nyingi za mitumbwi huchoma esanse iliyochanganywa na mafuta ya mota. Mafuta yakizidi, hayaungui yote. Huganda juu ya pistoni, kwenye pete zake na katika njia ya moshi. Kwenda polepole kwa saa nyingi huongeza masizi, maana mota haipati joto la kutosha. Tena, ziwa letu liko mita 1,460 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo mota iliyopangwa kwa pwani hupata esanse nyingi kuliko hewa. Fundi anaweza kuirekebisha kabireta.

Dalili

Mota ni ngumu kuwaka, nguvu zimepungua, buji ni nyeusi na ina mafuta, au mota inagonga.

Kusafisha

1. Fanyeni kazi nje, penye upepo. Moshi wa mota una hewa ya sumu isiyo na harufu. Ndani ya nyumba huua. Sigara na mbabula vikae mbali, watoto pia.
2. Toeni helisi, tieni mguu wa mota katika pipa la maji. Msiiwashe bila maji: pampu yake ya mpira huharibika kwa dakika chache.
3. Mota ikipata moto, pulizeni dawa ya kuondoa masizi katika kabireta kidogo kidogo, mpaka ikaribie kuzimika. Izimeni.
4. Ngojeni muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha iwasheni. Moshi mzito utatoka. Simameni upande unakotoka upepo.
5. Badilisheni buji. Ijaribuni karibu na ufuko, kwa mwendo wa nguvu.

Masizi yakiwa magumu sana, fundi afungue kichwa cha mota na kuyakwangua kwa kijiti. Bisibisi huchubua pistoni.

Kinga

Fuateni kitabu cha mota. Kikisema 1 kwa 50, bidoni ya lita 20 inataka mililita 400 za mafuta. Pimeni kwa chombo, si kwa macho. Kuongeza "kidogo tu" hakuipi mota nguvu, kunaiziba.

Na hata mota ikiwa safi, chukueni makasia mawili, na jile la kuokolea kwa kila abiria.

Mota safi, safari salama: ng'ambo kuna watu wanaowangoja.