Kiti cha Kulia: Askari Anga Anapoomba Kazi ya Ndege za Abiria



Nilikuwa Nairobi kwa ajili ya nikaha, nikafikia kwa jamaa zetu wa mtaa wa Ziwani, jirani na Kariokor. Baada ya sala ya Alasiri ndege ya jeshi ilipita juu ya mabati ikishukia uwanja wa Eastleigh. Bibi mwenye nyumba hakuinua hata macho. Amelea watoto wanne chini ya mngurumo huo, na mmoja wao ameutumikia miaka ishirini. Mkwe wake ndiye aliyeweka birika chini akaniambia, "Ami Sheikh, mume wangu amestaafu jeshini. Kiinua mgongo chake chote ataka kukitia katika leseni ya kurusha ndege za abiria. Nami nina karo za watoto watatu. Nimwambieje?"

Uwanja huo wenyewe una kisa. Kabla ya Embakasi kufunguliwa mwaka 1958, Eastleigh ilipokea askari na abiria pamoja, na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likiruka kutoka hapo. Jeshi la Wanahewa la Kenya lilipoundwa mwaka 1964, abiria walikwisha kuhama. Kwa hiyo njia kati ya kazi hizi mbili ilikuwa fupi zamani. Leo ina malango.

Mume alipoingia alitueleza mwenyewe. Alirusha Buffalo, ndege ya uchukuzi iliyotengenezwa Kanada, akipeleka watu na shehena hata penye viwanja vya vumbi. Lakini jeshi humpa rubani mabawa ya kifuani, halimpi leseni ya kiraia. Hiyo hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwa mitihani ya sheria za anga, hali ya hewa, uongozaji wa njia na mengineyo. Leseni ya juu, ile ya nahodha wa ndege za abiria, kwa kanuni za kimataifa hutaka saa 1,500 za kuruka. Yeye anazo. Mwenzake wa ndege za kivita aghalabu huwa na saa chache kwa miaka ile ile, maana safari zao ni fupi. Kisha kila aina ya ndege ina mafunzo yake ndani ya simuleta, na hayo ndiyo yanayokula fedha.

Nikamwuliza umri. Arubaini na nne. Kikomo cha rubani wa safari za kimataifa za abiria ni miaka 65, basi muda upo.

Lililomtia uzito halikuwa fedha. Alinyamaza kidogo, akasema, "Sheikh, nilikuwa meja. Huko nitakaa kiti cha kulia, na nahodha wangu huenda akawa kijana niliyemzidi miaka kumi na tano." Katika mashirika ya ndege, cheo cha jeshi hubaki langoni, aghalabu anayeingia leo huanza nyuma ya aliyeingia jana.

Nilimkumbusha habari ya tarehe 15 Januari 2009 mjini New York. Chesley Sullenberger, aliyerusha ndege za kivita za Marekani kabla ya kujiunga na shirika la abiria mwaka 1980, aliitua ndege juu ya mto Hudson baada ya ndege wa porini kuziharibu injini zote mbili. Watu wote 155 walisalimika. Dunia ilimsifu yeye, na alistahiki. Lakini kiti cha kulia alikuwapo Jeffrey Skiles, mwenye zaidi ya saa 15,000 angani na saa 37 tu katika aina ile ya ndege. Alikuwa mgeni wa chombo, si mgeni wa kazi. Mkongwe yule alishika orodha ya dharura akaisoma, huku mwenzake akishika usukani. Meja alisikiliza bila kunijibu.

Nikamgeukia mkewe. Kiinua mgongo ni jasho la watu wawili, kwani mke wa askari naye hutumikia, kwa kuhama na kungoja. Kwa hiyo sikuona haki auzime moyo wa mumewe, wala sikuona haki mume azitie fedha zote ndani ya mlango mmoja. Mamlaka huweza kukupa leseni. Ajira hutolewa na wengine, na kati ya mawili hayo miezi hupita ilhali watoto wanakula. Tulikubaliana watenge kwanza karo za miaka miwili na chakula cha mwaka mmoja. Pili, kabla ya kulipa shilingi ya darasa lolote, aende kwa daktari wa anga. Bila kibali cha afya cha daraja la kwanza, leseni ni karatasi tu, na huyo daktari huuliza moyo, macho na sukari.

Bibi aliuliza swali ambalo sisi wanaume hatukuliwaza: mwanawe atafungaje Ramadhani angani? Nikamjibu kwamba msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa siku zake, na mwenye roho za watu mkononi asione haya kuitumia. "Alhamdulillahi," akasema, akaenda jikoni.

Juzi nimepigiwa simu. Kibali cha daktari kimepatikana. Mtihani wa kwanza ni wa sheria za anga, na mke humsomea maswali usiku watoto wakishalala.