Kipindupindu Hakitoboi Utumbo

Mjini Uvira, mashariki mwa Kongo, kuna watu wanaoamini kwamba kipindupindu huuchana utumbo, na kwamba mgonjwa huharisha maji matupu kwa sababu ndani kumetoboka. Ndiyo maana jamaa wengine humnyima maji, wakisema akinywa ataharisha zaidi. Lakini ukiuchunguza utumbo huo kwa hadubini utaukuta mzima, seli zake zimepangana bega kwa bega.

Seli hizo ni utando uitwao epithelia. Ndio unaotufunika ngozi kwa nje, na ndio uliotanda ndani ya kinywa, mapafu na kibofu. Ndugu yake, endothelia, ametanda ndani ya moyo na mishipa yote ya damu. Katika utumbo mwembamba epithelia ni safu moja tu ya seli, nazo hazidumu: kila baada ya siku 3 hadi 5, za zamani hupukutika, mpya zikashika nafasi. Kwa siku safu hiyo hupokea lita 8 au 9 hivi za majimaji. Tunayokunywa ni kama lita 2. Yaliyobaki ni mate, nyongo na mengine yanayotoka mwilini mwetu wenyewe. Karibu yote hurudishwa kwenye damu.

Bakteria wa kipindupindu haingii ndani ya seli. Hujibandika juu yake na kumwaga sumu, ile ambayo Sambhu Nath De aliithibitisha mjini Calcutta mwaka 1959. Kipande cha sumu hiyo hupenya na kuikwamisha protini inayoiamuru seli itoe chumvi. Amri haikomi tena. Chumvi inamwagika utumboni, na maji hufuata chumvi, yakitoka kwenye damu kupitia kuta za mishipa. Aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita 1 kwa saa. Macho yanadidimia, mkojo unakatika, ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi. Asipotibiwa anaweza kufa siku hiyohiyo.

Sumu hiyo, hata hivyo, haigusi njia nyingine iliyopo kwenye seli zilezile. Njia hiyo huingiza chumvi mwilini, kwa sharti kwamba iandamane na sukari, na maji nayo hufuata. Hiyo ndiyo siri yote ya SRO, maji ya kunywa yenye chumvi na sukari kwa kipimo, ambayo jirani zetu wa Tanzania huiita ORS. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis aliitumia kwa wakimbizi waliojaa Bongaon, mpakani mwa India, dripu zilipopungua. Vifo vilishuka kutoka 30 hivi kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Kipimo lazima kifuatwe. Pakiti ya SRO ikikosekana, lita 1 ya maji safi hutiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Soda haifai: sukari ikizidi huvuta maji kurudi utumboni.

Bakteria hao hutufikia kwa maji machafu. Maji ya Ziwa Tanganyika tunayachota, tunafulia humo, tunaoga humo, na robine zikikauka ndilo kimbilio. Watafiti walilinganisha siku za kukatika maji ya Regideso, kampuni ya maji ya bomba, mjini Uvira na wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu kati ya 2009 na 2014. Siku moja bila maji ya bomba ilifuatiwa, katika siku 12 zilizokuja, na ongezeko la wagonjwa la asilimia 155. Kwa maoni yangu takwimu hiyo inatosha kumaliza mjadala kuhusu nani alaumiwe, mwananchi mchafu au bomba kavu.

Bomba hilo si la familia moja kulirekebisha. Lakini usiku mtu akianza kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, mnywesheni SRO palepale, kidogokidogo hata akitapika, na safari ya kituo cha matibabu ianze bila kungoja asubuhi.