Kihariri cha Msimbo Kinapohamia GTK Mpya

Machi 2025, programu ya kuhariri picha ya GIMP ilitoa toleo la 3.0, toleo lake rasmi la kwanza kujengwa juu ya GTK 3. Kwa asiyefuatilia mambo haya, hiyo si habari. Lakini GTK, maktaba ya kiolesura, ilizaliwa ndani ya GIMP: iliandikwa miaka ya tisini ili programu hiyo ipate vitufe na menyu zake, kisha ikaenea hadi ikawa msingi wa programu nyingi za Linux. GTK 3 yenyewe ilitoka Februari 2011. Mzazi alihitaji miaka 14 kumfikia mwanawe.

Wapo waliocheka. Mimi sioni cha kuchekesha, kwa sababu kazi hii ya kuhamisha programu kutoka maktaba moja ya kiolesura kwenda nyingine ni ngumu, ni ndefu, na ikifanywa vizuri mtumiaji hata hatambui kwamba kuna kitu kimefanyika.

Maktaba ya kiolesura ni msimbo ulioandikwa na watu wengine, ambao kazi yake ni kuchora madirisha, kupanga menyu na kupokea vibonyezo vya kibodi na kipanya. Anayetengeneza programu hachori kitufe pikseli kwa pikseli. Anaiagiza maktaba: weka kitufe hapa, kikibonyezwa nijulishe. Raha hiyo ina gharama yake, kwani kila agizo limeandikwa kwa majina na kanuni za maktaba ile. Ikibadilika, maagizo ya zamani hayana tena wa kuyasikia.

Tuchukue Geany, kihariri cha msimbo cha chanzo huria kilichoanzishwa na Enrico Tröger mwaka 2005. Ni chepesi, na huwaka upesi hata kwenye kompyuta iliyochoka. Kilijengwa juu ya GTK 2, ambayo kwa hakika haikuwa imeharibika. Kilichobadilika ni mazingira yake. Skrini zikaanza kuja na pikseli nyingi mno, na GTK 2 haikujua kukuza picha na vitufe ili vionekane vizuri. Ukaja Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye Linux, ambao GTK 2 haiufahamu na hulazimika kuupitia kwa mkalimani. Mwishowe, Desemba 2020, GTK 4 ilipotoka, watunzaji wakatangaza kwamba GTK 2 imefika tamati. Msimbo usio na mtunzaji hauwezi kuachwa hivihivi: siku hitilafu ikigunduliwa, hakuna wa kuirekebisha.

Wasanidi wa Geany hawakuhama kwa siku moja. Kwa miaka kadhaa msimbo uleule uliweza kujengwa juu ya GTK 2 au GTK 3, kwa chaguo la anayeujenga. Toleo la 1.37, la Oktoba 2020, likaifanya GTK 3 kuwa chaguo la kawaida, na lile la 1.38, mwaka mmoja baadaye, likaifuta GTK 2 kabisa. Kutunza njia mbili kwa pamoja kunachosha, na msimbo hujaa masharti ya “kama ni toleo hili, fanya vile”. Hata hivyo nadhani walichagua vyema. Waliokuwa na haraka walijaribu mapema na kuripoti kasoro, huku wengine wakiendelea na kazi zao.

Bahati nyingine ilikuwa Scintilla. Eneo lile unamoandika, lenye rangi za msimbo na namba za mistari, Geany haikulitengeneza yenyewe. Inatumia Scintilla, kijenzi kilekile kilichomo ndani ya Notepad++ ya Windows. Scintilla huchora maandishi yenyewe na hutenga sehemu inayozungumza na kila mfumo, kwa hiyo mzigo huo ulibebwa na watunzaji wa Scintilla.

Programu-jalizi, vile vipande vya nyongeza, ndizo zilizoumia. GTK 2 na GTK 3 haziwezi kukaa ndani ya programu moja inayoendeshwa; GTK 3 ikigundua dalili za mwenzake husimamisha kila kitu. Basi kihariri kikihama, programu-jalizi zote sharti zihame nacho, siku hiyohiyo. GeanyPy, iliyowezesha kuandika programu-jalizi kwa Python, ilitegemea PyGTK, kiunganishi cha Python na GTK 2, na PyGTK haikuvuka kamwe kwenda GTK 3.

Hatua inayofuata ina mlima wake. GTK 4 imeondoa, pamoja na mengine mengi, agizo moja ambalo vihariri vililizoea sana: lile la kufungua kidirisha cha swali na kusubiri jibu papo hapo. Fikiria una mafaili kumi yaliyofunguliwa, hujayahifadhi, na unabonyeza “Funga”. Kwa GTK 3, programu huzunguka faili moja baada ya jingine: inauliza, inasimama, inapata jibu, inaendelea. Msimbo wake husomeka kama maelezo ya mdomo. Kasoro ni kwamba kusimama huko si kusimama kweli. Nyuma ya kidirisha mambo mengine yanaendelea, na faili linaloulizwa linaweza kufungwa na sehemu nyingine ya programu kabla jibu halijafika. Hapo programu huanguka, na chanzo chake ni kigumu kukipata.

Kwa GTK 4, programu inauliza kisha inaondoka, na jibu likija huitwa kipande kingine cha msimbo. Ni salama zaidi. Lakini ule mzunguko mfupi lazima uvunjwe vipande, na kila kipande kikumbuke tulifika faili la ngapi, na kama mtumiaji amesema “Ghairi”. Geany 2.0 ya Oktoba 2023 ilitoka ikiwa bado juu ya GTK 3, wala siwalaumu.

Wengine huchagua kuanza upya. Mradi wa GNOME ulipotaka kihariri cha GTK 4, haukuihamisha gedit, kihariri chake cha zamani. Katika GNOME 42, Machi 2022, uliweka mahali pake kihariri kilichoandikwa upya. Ni kizuri na safi, ila hakipokei programu-jalizi, na kwa mwandishi wa msimbo aliyezizoea hiyo ni hasara kubwa. Wireshark, ile programu ya kuchunguza mtandao, ilianza kuiacha GTK na kuifanya Qt, maktaba nyingine ya kiolesura, kuwa chaguo lake la kawaida katika toleo la 2.0, mwaka 2015.

Ukitaka kujua Geany yako imesimama juu ya nini, fungua terminali uandike geany --version. Mstari utakaoonyeshwa unataja toleo la GTK. Ukikuta linaanza na 2, una toleo la kabla ya 1.38, na programu-jalizi utakazoongeza sharti ziwe zimejengwa kwa GTK hiyohiyo.