Picha ya Bandari ya Mto na Maneno ya Gatini

Makusudi ya makala haya ni kueleza picha moja ya mandhari iliyochorwa Ufaransa mwaka 1896, na kuonyesha kwamba yaweza kuelezwa barabara kwa maneno ya bandari ya Dar es Salaam.

Picha yenyewe ni ya Camille Pissarro, nayo imehifadhiwa Toronto, Kanada, ambako niliiona nilipokuwa mwanafunzi. Yaonyesha daraja la chuma la Boieldieu, katika mji wa Rouen, siku ya mvua. Watu na magari ya farasi wamejaa darajani. Chini yake wapita mto Seine, na vyombo vyatoa moshi. Ng'ambo ni mtaa wa Saint-Sever wenye viwanda na dohani zake. Rouen u mbali na bahari, lakini kujaa na kupwa kwa maji hufika huko, na meli zilipanda mto zikileta makaa ya mawe kwa mji uliojulikana kwa nguo za pamba. Claude Monet alikwisha kulichora kanisa kuu la mji huo mara nyingi. Pissarro alivutwa zaidi na gati. Yeye alizaliwa mwaka 1830 katika mji wa bandari, kisiwani St. Thomas, na huenda ndiyo sababu. Macho yalikuwa yakimsumbua, hivyo alichora akiwa nyuma ya dirisha la hoteli. Uzuri wa mahali pale aliulinganisha na wa Venice, ingawa stesheni mpya aliiona mbaya! Daraja hilo lilikamilika mwaka 1888, likavunjwa vitani mwaka 1940.

Bandari yetu si ya mto hasa, ni hori. Lakini mito ya Kizinga na Mzinga humwaga maji yake humo, na mkono mmoja wa hori wafika Gerezani, karibu na Kariakoo. Reli iliyoanzwa hapa mwaka 1905 ilifika Kigoma mwaka 1914. Hata hivyo, mpaka magati ya kina kirefu yalipomalizika mwaka 1956, meli kubwa zilitia nanga katikati ya maji, na shehena ikaletwa pwani kwa matishari. Maneno yalishuka pamoja na shehena: bandari na nahodha yatoka Kiajemi, forodha Kiarabu, gati Kihindi, stima na winchi Kiingereza.

Nilimwonyesha nakala ya picha hiyo mzee mmoja wa Gerezani, aliyefanya kazi gatini ujanani mwake. Wanafunzi wangu walikuwa wameomba Kiingereza mara tatu kabla ya kuvuka daraja. Mzee hakuomba neno lolote. Alitaja gati, tishari, winchi, kisha akaweka kidole juu ya watu, ambao mchoraji amewafanya kwa mguso mmoja mmoja wa brashi, hawana nyuso, akauliza: "Mwalimu, hawa walilipwa kwa siku au kwa mwezi?"

Swali hilo lina historia ndani ya lugha. Kibarua ni barua ndogo: cheti alichopewa mtu wa kazi ya siku. Baadaye jina la karatasi likahamia kwa mtu mwenyewe, na upatanisho ukafuata, twasema "kibarua amefika," wala si "kimefika." Lakini ki- haikutoweka. Aliyefukuzwa kazi husema, "Kibarua changu kimeota nyasi," na hapo si mtu wala karatasi, ni kazi yenyewe. Kipande, kadi iliyotiwa alama kwa kila siku ya kazi hata zitimie siku thelathini, hakikupata kuwa mtu kamwe. Kwa nini kimoja kipande cheo na kingine kibaki karatasi, sarufi peke yake haitoshi kueleza. Mwezi wa Septemba 1947 wafanya kazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukaenea kwa njia ya reli mpaka bara. Wengi wao walikuwa vibarua.

Nilimjibu mzee kwamba picha haisemi. Akaitazama tena mvua ile, na watu wasio na mwavuli, akasema, "Basi ni vibarua." Katika orodha ya maneno ya bandari ninayoikusanya, neno hilo nimeliandika mara tatu, kila mara pamoja na upatanisho wake.