Daktari wa Ngoliba atatoka wapi?

ILIKUWA Jumatatu moja ya Julai 2025, siku ambayo kliniki yangu mjini Ruiru hujaa tangu saa mbili asubuhi. Miongoni mwa waliosubiri alikuwa Cucu mmoja wa miaka 68 kutoka Ngoliba. Alikuwa amepanda matatu mbili, moja hadi Thika na nyingine hadi kwangu, huku amekumbatia kiondo. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi magotini. Alikuwa ameanguka mara mbili usiku akienda msalani, na shinikizo lake la damu, ambalo kwa kawaida lilikuwa juu, lilikuwa 98 kwa 60.

Chumbani nilikuwa na msichana aliyefanya mtihani wa KCSE Thika mwaka 2024 na ambaye alikuwa akisubiri kujiunga na chuo kikuu kusomea udaktari. Aliniomba akae pembeni atazame kazi, nami nikamkubalia kwa sharti kwamba kila mgonjwa aulizwe kwanza. Siku hiyo nilimpa kazi ndogo: amimine dawa za Cucu mezani na kuzipanga kulingana na maandishi ya pakiti.

Baada ya dakika chache aliniita. "Daktari, samahani, hizi mbili si kitu kimoja?"

Zilikuwa kitu kimoja. Pakiti zilikuwa za rangi tofauti na majina makubwa yalitofautiana, lakini chini, kwa herufi ndogo, zote ziliandikwa nifedipine.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Madaktari wa Kaunti ya Kiambu waligoma mwishoni mwa Mei 2025, na mgomo ule ukaendelea kwa takriban miezi mitano. Cucu alipoikosa kliniki yake ya kila mwezi, mwanawe aliingiwa na hofu kwamba mama ataishiwa na dawa, akamnunulia nyingine Nairobi. Mama alidhani ameongezewa, akameza ya zamani na mpya. Nifedipine hulegeza mishipa ya damu, na mojawapo ya madhara yake, hasa dozi ikizidi, ni kuvimba miguu. Alipovimba alienda kwa mhudumu mwingine, akapewa vidonge vya kupunguza maji mwilini. Vidonge hivyo vikamwamsha usiku kukojoa, na kwa kuwa shinikizo lilikuwa limeshuka mno, akipata kusimama anaona kizunguzungu na kuanguka. Basi dawa ya kwanza ilileta ugonjwa, na ugonjwa huo ukatafutiwa dawa ya pili. Hakuna aliyekuwa ameuona mfuatano mzima, kwa sababu kila mtu aliuona mguu tu, au presha tu.

(Msomaji, usiache dawa yako ya presha kwa kusoma habari hii. Tia dawa zote za nyumbani katika kikapu kimoja, hata zile za jirani, umpelekee daktari au muuguzi azitazame kwa pamoja.)

Cucu alipoondoka, yule msichana aliniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kwao ni Ngoliba pia. Babake anataka awe daktari wa upasuaji. Yeye anataka kurudi nyumbani. Je, kuna masomo ya kumfundisha mtu kazi kama ile tuliyofanya asubuhi?

Yapo, ingawa watu wengi hawayajui. Huitwa udaktari wa familia. Chuo Kikuu cha Moi kilianza kutoa shahada ya uzamili katika taaluma hiyo mwaka 2005, na wanafunzi wake wakapelekwa katika hospitali za mashambani kama Tenwek na Chogoria badala ya kufungiwa Eldoret. Vyuo vingine vilifuata, vikiwemo Aga Khan na Kabarak. Mwaka 2018 serikali iliwatuma madaktari 50 hadi Cuba kusomea taaluma hiyo hiyo. Daktari wa aina hii hufunzwa kumzalisha mama, kutibu mtoto mwenye nimonia, kufanya upasuaji wa dharura, na kumfuata mgonjwa wa kisukari kwa miaka mingi akimjua yeye na nyumba yake.

Nilimweleza njia bila kuipamba. Kwetu mwanafunzi hasomi kwanza shahada nyingine kama ilivyo Marekani. Anatoka shuleni na kuingia moja kwa moja katika shahada ya udaktari, miaka sita. Kisha mwaka mmoja wa kuwa daktari mwanagenzi. Hapo ndipo palipokuwa na miiba: mgomo wa kitaifa wa siku 56 mwaka 2024 ulitokana kwa sehemu kubwa na masilahi ya wanagenzi, baada ya serikali kutaka kuwalipa Sh70,000 kwa mwezi badala ya zaidi ya Sh200,000 zilizokubaliwa mwaka 2017. Baada ya hapo ni kazi, kisha uzamili wa miaka minne hivi. Mwenye miaka 19 leo atakuwa na zaidi ya 30 akimaliza.

Nilimwambia pia kwamba mashambani anayekutana na mgonjwa kwanza si daktari bali ni muuguzi au afisa wa kliniki. Chuo cha KMTC, ambacho kina tawi hapa Thika, humfunza afisa wa kliniki kwa miaka mitatu. Kama shabaha yake ni kuwa Ngoliba mapema, hiyo si njia ya walioshindwa. Alinisikiliza kwa adabu, ila niliona kwamba hilo halikumwingia.

"Na wewe daktari, kwa nini hukusoma huo udaktari wa familia?"

Nilipopata shahada yangu, kozi ya Moi ilikuwa changa na hakuna aliyenieleza kazi yake. Mhadhiri mmoja alituambia darasani kwamba anayekwenda mashambani ni yule aliyekosa nafasi kwingine. Niliamini. Nilifanya kazi miaka michache katika hospitali ya wilaya, nikachoka kukaa bila glovu na bila wa kuniuliza, nikafungua kliniki kando ya barabara ya Thika ambako wagonjwa wanaweza kulipa. Ruiru ina watu karibu nusu milioni, sitakosa kazi. Lakini Cucu alilazimika kupanda matatu mbili kunifuata, na wapo wengi wasio na nauli hiyo. Nilimjibu msichana yule hivyo hivyo.

Babake alikuja kuniona Agosti. Ni kibarua wa shamba la mananasi, mtu wa maneno machache. Aliniuliza kama daktari wa familia hulipwa kama wa upasuaji. Nikamwambia katika hospitali ya umma mshahara wa daktari bingwa haupishani sana, lakini fedha za kliniki za jioni mjini hatazipata Ngoliba. Alinyamaza, kisha akauliza kama bintiye akirudi atakuta kaunti imemwandalia nafasi. Hilo sikuweza kumwahidi. Madaktari wa Kiambu walikuwa bado nje.

Msichana aliondoka kwenda Eldoret mwishoni mwa mwezi huo. Cucu alirudi mara ya tatu mwezi Septemba, miguu imenywea, kiondo kina dawa za aina mbili tu. Kabla ya kuketi alitazama ile pembe ya chumba.

"Yule daktari mdogo yuko wapi?"

Nikamwambia ameenda shule. Akauliza atarudi lini, nikaanza kuhesabu miaka kwa vidole.